Niachie Akiba Ndani ya Mshono

Wadogo zangu, leo tukae kitako tuzungumze habari ya nguo, maana swali linalonijia mara nyingi kutoka kwenu ni hili: "Dada, kwa nini magauni yangu hayadumu?" Moja limebana kifuani, jingine limepauka mabegani, la tatu zipu imekufa na fundi amesema halitengenezeki. Kitambaa ulikinunua kwa pesa yako, ufundi ukaulipia, picha ukapiga. Baada ya muda mfupi unalitazama gauni kabatini kama mgeni asiyejulikana ataondoka lini.

Jibu langu ni fupi, na mengine yote nitakayosema leo ni maelezo yake tu. Nguo inayodumu ni ile iliyoshonwa kwa kujua kwamba siku moja itafumuliwa. Mwili haukai pale pale. Mtu huongezeka akijifungua, hupungua akiugua, na mtoto hurefuka kila ukimgeukia. Nguo isiyofumulika hufa siku mwili unapobadilika, hata kama kitambaa chake bado kizima. Wahenga walisema akiba haiozi, na kwenye nguo akiba hiyo ni zile sentimita chache za kitambaa zilizofichwa ndani ya mshono na ndani ya pindo.

Anayeamua kama akiba hiyo itabaki au itaangukia sakafuni ni yule aliyeshika mkasi. Ndiyo maana nawasihi mjifunze kushona nguo zenu wenyewe, walau zile za kawaida. Nanyi kaka zangu mnaosoma kona hii, maneno haya ni yenu pia. Mafundi wetu wengi ni wanaume, na hakuna aliyezaliwa akijua kutunga uzi kwenye sindano.

Anza na kitambaa

Nguo nyingi mbovu huanzia dukani. Ukipita Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, au Biashara Street kule Mombasa, utakuta vitenge na khanga vimepangwa hadi darini, na kwa macho tu vyote vinavutia. Macho hayatoshi. Kikamate kitambaa, kikunje ndani ya ngumi kwa muda kidogo, kisha ukiachie. Pamba hubaki na makunyanzi, poliesta hunyooka kama haikuguswa. Kinyanyue kwenye mwanga. Nyuzi zilizobanana hupitisha mwanga kidogo na sawasawa, lakini ukiona vijitundu na mistari, ujue mishono itaachia. Halafu kisugue kwa vidole viwili. Kikitoa unga mweupe, kimejazwa wanga ili kionekane kizito, na uzito huo utaondoka na maji ya kwanza.

Kigeuze pia utazame nyuma. Kitenge cha wax kimeshika rangi pande zote mbili, kwa hiyo siku upande wa mbele ukichoka, unaweza kufumua nguo na kuishona upya upande wa pili ukiwa nje. Kile kilichochapwa upande mmoja hakikupi nafasi hiyo. Si kibaya, ila bei yake isilingane na ya mwenzake.

Kama bado una shaka ni pamba kweli au la, nenda nyumbani na kipande kidogo ufanye jaribio la moto. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio juu ya sahani yenye maji, kisha uwashe. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta hunywea, huyeyuka, na kuacha kidonge kigumu ambacho hakivunjiki kwa vidole. Poliesta haichakai upesi, hilo nalikubali, lakini kwa joto letu la pwani huhifadhi jasho na harufu, na nguo inayonuka hata baada ya kufuliwa huachwa mapema kuliko iliyochanika. Kwa nguo ya kila siku chagua pamba. Kwa sare za shule na nguo za kazi ngumu, mchanganyiko wa pamba na poliesta, ule tunaouita tetroni, unafaa kwa sababu haukunjamani ovyo.

Nunua kwa hesabu, na hesabu iwe na nyongeza. Kitenge huwa na upana wa kama inchi 45, na yadi moja ni sentimita 91. Kwa mwili wa wastani, gauni la magotini lenye mikono mifupi huchukua kama yadi 3, gauni refu yadi 4 au zaidi. Kama kitenge kina maua makubwa yanayotakiwa kukutana katikati ya mgongo, ongeza nusu yadi. Yadi sita za kitenge zinaweza kukupa gauni moja na akiba ya maana, au magauni mawili yasiyo na akiba yoyote. Mimi nachagua la kwanza bila kusita.

Kabla ya mkasi kugusa kitambaa, kiloweke, kifue, kianike, kipige pasi. Pamba hupungua inapokutana na maji mara ya kwanza, na ukiishona mbichi itapungua ikiwa mwilini mwako. Usiisahau bitana. Nimeona magauni mazuri yaliyojikunja kwa ndani kwa sababu kitambaa cha juu kilifuliwa na bitana haikufuliwa, kisha kimoja kikapungua na kingine kikagoma.

Cherehani inayotosha

Wengi husema hawawezi kuanza mpaka wapate mashine ya umeme yenye mishono mingi. Mdogo wangu, cherehani nyeusi ya miguu, Singer au Butterfly, ile unayoiona kwenye baraza za mafundi kila mji, inashona mshono mmoja tu ulionyooka, na mshono huo unatosha. Haiulizi umeme. Vipuri vyake vinapatikana, na mafundi wa kuitengeneza wapo. Kama unanunua iliyotumika, usinunue bila kuijaribu. Zungusha gurudumu kwa mkono usikie kama linakwama. Shona tabaka mbili za kitenge, kisha tazama juu na chini. Mshono mzuri unafanana pande zote mbili. Ukiona vitanzi upande wa chini, tazama kwanza kama uzi wa juu umepitishwa njia yake yote na kama umekazwa ipasavyo, kabla ya kuikataa mashine.

Sindano ni kitu kidogo kinachoharibu nguo kubwa. Kwa kitambaa chepesi tumia namba 11, kwa kitenge na khanga namba 14, kwa jinzi na drili namba 16. Sindano butu hukata nyuzi za kitambaa badala ya kupita katikati yake, na vijitundu hivyo havizibiki. Ukisikia mlio wa kugongagonga, ibadilishe. Uzi nao uvute kwa mikono miwili kabla ya kuununua. Ukikatika kirahisi, utakatika vilevile makalioni siku utakapoinama. Na cherehani ipewe mafuta yake, yale mepesi yanayouzwa kwa kazi hiyo. Mafuta ya kupikia hugeuka ulimbo na kuifunga mashine.

Uwe na mkasi wa vitambaa peke yake. Ukikatia karatasi huwa butu, na mkasi butu hutafuna. Mwambie kila mtu nyumbani, na kama hawasikii, ufiche.

Kabla hujakata

Usianze na gauni la harusi. Anza na foronya, kwa sababu inakufundisha kushona mstari ulionyooka na kukunja pindo. Kisha sketi ya lastiki, kisha suruali ya kulalia. Ukifika hapo mkono umeshazoea kuongoza kitambaa bila kukivuta.

Unapofika kwenye gauni au shati, mwalimu bora umeshakuwa naye kabatini. Tafuta nguo kuukuu iliyokukaa vizuri kuliko zote, ambayo huivai tena, uifumue mshono kwa mshono kwa wembe au kifumulio. Piga pasi vipande vyake, vilaze juu ya karatasi za kaki au magazeti yaliyounganishwa, kisha uvichore. Hapo umepata kiolezo cha mwili wako. Wakati wa kufumua, tazama fundi wa kwanza alianza wapi na kumaliza wapi, maana nguo hufumuliwa kinyume cha mpangilio wa kushonwa kwake. Utajifunza mengi kwa vidole kuliko kwa maelezo yangu.

Nguo ya kwanza kwa kiolezo hicho ishone kwa marekani. Kitambaa hiki cha pamba kisicho na rangi kilikuwa kikiletwa Unguja na wafanyabiashara kutoka Massachusetts katika karne ya 19, na hadi leo ni rafiki wa anayejifunza. Ukikosea bega, umekosea kwenye kitu cha bei nafuu. Chora marekebisho juu yake kwa kalamu, kisha uyahamishie kwenye karatasi.

Katika kulaza kiolezo juu ya kitambaa, zingatia uelekeo wa nyuzi. Nyuzi za urefu, zile zinazokwenda sambamba na ukingo wa jora, zishuke wima toka begani hadi pindoni. Kipande kilichokatwa upande upande ili kubana kitambaa kitatulia siku ya kwanza, lakini baada ya kufuliwa mara kadhaa gauni litazunguka mwilini, mshono wa ubavuni uhamie tumboni. Hakuna pasi inayoponya hilo.

Ukishakata, piga bandi kwa mkono kwanza, vaa, kaa, inua mikono, inama. Ndipo upeleke kwenye cherehani.

Akiba yenyewe

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri zaidi. Mshono wa kawaida huachiwa sentimita 1 au 1.5. Kwenye mabega, shingoni na kwapani hiyo inatosha, kwa sababu mshono wenye mkunjo ukiachiwa nyama nyingi hukaa vibaya. Lakini ubavuni, na katikati ya mgongo kama kuna mshono, acha sentimita 2.5 hadi 3 kila upande. Hesabu mwenyewe. Gauni lina mishono miwili ya ubavuni, kila mshono una pande mbili, na kila upande una sentimita 1.5 za ziada juu ya kawaida. Hizo ni sentimita 6 unazoweza kuongeza kifuani au kiunoni bila kununua chochote. Kwa wengi wetu, hayo ndiyo mabadiliko ya mwili kati ya mtoto wa kwanza na wa pili.

Kumbuka mkono wa nguo uachiwe akiba ileile kwenye mshono wake wa chini. Ukiongeza ubavu bila kuongeza mkono, tundu la mkono na mkono havitakutana.

Pindo la gauni la mtu mzima liwe sentimita 5. La mtoto liwe 8 hadi 10, na juu yake unaweza kuongeza mkunjo wa ndani ulioshonwa kwa mishono mirefu, ambao utaufumua atakaporefuka. Suruali ya shule ya mtoto wa kiume, acha chini na acha kiunoni nyuma. Gauni la mtoto lililoshonwa hivi huanza likiwa chini ya magoti na kumaliza maisha yake likiwa juu ya magoti, bila kubana.

Ncha za ndani zisipofungwa, nyuzi hutoka moja moja mpaka akiba yote iishe. Mafundi wengi hupitisha ovaloki, na ovaloki ina kisu kinachokata inaposhona. Ukimwachia fundi mwenye haraka, kisu hicho kitakula akiba yako kabla hujafika nyumbani. Kama una zigizaga, ipitishe ukingoni kabisa. Kama huna, kunja ncha ya kila upande milimita 5 na uishone juu yake, peke yake, bila kuifunga na mwenzake. Kwa kitambaa chepesi, shona kwanza upande wa nje ukiacha milimita 5, geuza, kisha shona tena upande wa ndani ili ncha zifungiwe katikati. Mshono huo ni imara na nadhifu, ila hauna akiba ya kuongeza, kwa hiyo utumie mabegani na mikononi, usiutumie ubavuni.

Kila nguo ina mahali inapoumia: kwapani, kwenye uma wa suruali, mwanzo wa mpasuo, na pembe za mfuko. Hapo rudia mshono mara mbili, na kwenye pembe za mfuko weka kipande kidogo cha kitambaa upande wa ndani kabla ya kushona. Zipu ikifa ndiyo mwanzo wa nguo nyingi kutupwa, kwa hiyo ishone kwa mshono unaofumulika bila kuharibu bitana. Au tumia vifungo, ambavyo kila mtu anaweza kuvirudisha kwa sindano ya mkono.

Na sasa jambo dogo linalopuuzwa. Kata kipande cha kitambaa hichohicho, ukubwa wa kiganja, ukishikize ndani ya mshono wa ubavuni. Kitafuliwa kila nguo inapofuliwa, kitapauka inapopauka. Siku utakapohitaji kiraka, rangi itaoana. Kipande kilichokaa kabatini kikiwa kipya kitaonekana kutoka mbali.

Sare za shughuli

Wadogo zangu, tuseme ukweli kuhusu sare. Kitchen party ina sare yake, send-off ina yake, harusi ina yake, na arobaini ya mtoto nayo ina yake. Sikatazi, maana sare ni upendo unaoonekana, na anayekataa kuishona huonekana amesusa. Ninachosema ni kwamba sare ndiyo nguo inayovaliwa mara chache zaidi katika kabati zetu, na hakuna sababu iwe hivyo.

Kamati ikishachagua kitambaa, mshono bado ni wako. Chagua mshono unaoweza kuvaliwa kazini, kanisani, msikitini au kwenye kikao cha wazazi shuleni. Mawe na shanga za kubandikwa kwa gundi huanguka katika ufuaji wa kwanza na kuacha madoa ya gundi. Kama unapenda kung'aa, weka mapambo kwenye kola au mkanda unaovulika. Mikono mikubwa ya kupuliza, tandaza kitambaa chake kwa marinda badala ya kukikatakata, ili baadaye ukifumua upate kipande kikubwa cha kutengenezea kitu kingine. Gauni refu la mkia lishone likiwa na mshono kiunoni. Shughuli ikiisha, fumua kiunoni, na sketi ile ya chini itakupa nguo mbili.

Ukiwa katika kamati, pigania pamba. Lasi na satini hupendeza ukumbini, lakini hazina maisha marefu nje ya ukumbi.

Kufua na kuanika

Nguo zetu nyingi haziuawi na kuvaliwa, zinauawa na beseni na kamba. Kitenge kipya na khanga mpya vifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi. Wapo wanaoloweka kwenye chumvi wakiamini inafunga rangi. Chumvi hutumika kiwandani wakati kitambaa kinatiwa rangi. Kikishafika kwako, chumvi ya jikoni haiongezi kitu. Kinacholinda rangi ni maji baridi, sabuni kidogo, na kutoloweka usiku kucha.

Geuza nguo ndani nje kabla ya kuifua na kabla ya kuianika. Jua letu hula rangi na kudhoofisha nyuzi, na mabega ndiyo hutangulia kupauka kwa sababu ndiyo yanayoning'inia kwenye kamba. Anika kivulini penye upepo. Vitambaa vyeupe vya pamba tu ndivyo vivumilie jua. Dawa za kung'arisha zenye klorini hukata nguvu ya pamba hata kwenye nyeupe, na hufanya poliesta kuwa ya manjano. Usizitumie kila wiki kana kwamba ni sabuni.

Jasho la kwapani lisafishwe siku hiyohiyo, hata kwa maji matupu. Likikaa na kupigwa pasi, doa halitoki tena. Brashi ngumu iache kwa viatu.

Kabatini

Hifadhi nguo ikiwa safi na kavu kabisa. Nondo hupenda sufu na hariri, lakini mende na wadudu wengine wa kabatini hufuata wanga, jasho na chakula kilichodondoka. Kwa hiyo nguo unayoiweka kwa muda mrefu isitiwe wanga. Pwani adui mkubwa ni ukungu. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani, hivyo funga nguo kwa khanga kuukuu au shuka ya pamba, na fungua kabati lipate hewa siku za jua. Kufukiza udi, kama walivyofanya bibi zetu wa Unguja na Lamu, huipa nguo harufu nzuri, ila nguo iwe imeshakauka. Karafuu kavu kwenye kifuko ni nzuri pia.

Zile tembe nyeupe za naftalini nawaomba mziache, hasa penye mtoto mchanga. Mvuke wake unaweza kupasua chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo si mgeni katika nchi zenye malaria kama zetu. Nguo za mtoto zilizokaa na naftalini zisivishwe kabla ya kufuliwa na kuanikwa vizuri.

Nguo nzito za kufuma zikunje, usizitundike. Na zilizokunjwa, badilisha mikunjo mara kwa mara, maana kitambaa hukatika pale kinapokunjwa siku zote.

Ikibana, ikichanika, ikichakaa

Tundu likiwa dogo, lizibe leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye nguo ukuta huo ni kununua nyingine. Kifungo kikilegea, kikaze kabla hakijaanguka njiani. Pindo likiachia, lishone usiku huo kwa mkono. Kola ya shati iliyochakaa kwenye mkunjo, ifumue, igeuze upande wa chini uje juu, uishone tena mahali pake. Wazee wetu walivaa mashati ya ofisini hivyo kwa miaka.

Gauni likishindikana kabisa, sehemu ya juu ndiyo huwa imechoka, ya chini bado nzima. Kata kiunoni, tia lastiki, umepata sketi. Sketi ikichoka, inatosha gauni la mtoto. Gauni la mtoto likichoka, linatoa foronya au mfuko wa sokoni. Sisi watu wa khanga tumeijua elimu hii kabla ya kuambiwa na mtu. Khanga mpya ni ya kutokea, ikizoeleka ni ya nyumbani, kisha mbeleko, kisha nepi, kisha tambara la jikoni. Tulichosahau ni kuyatendea magauni vivyo hivyo.

Na anayeshonewa je?

Najua si kila mmoja ana nafasi ya kukaa kwenye cherehani. Kama unashonewa, nenda kwa fundi ukiwa na maneno yako. Mwambie: "Fundi, niachie akiba ya sentimita tatu ubavuni, usipitishe ovaloki mpaka nijaribu, na vipande vyote vilivyobaki nirudishie." Peleka kitambaa kilichokwisha kufuliwa. Nenda kujaribu kabla hajamaliza, na usimkimbize. Fundi aliyepewa gauni Ijumaa kwa ajili ya shughuli ya Jumamosi hana muda wa kufunga ncha, na kosa hilo si lake peke yake.

Mlipe vizuri fundi anayefanya hivyo. Kushona kwa akiba kunachukua kitambaa zaidi na muda zaidi. Sitawadanganya kwamba nguo ya kushona ni rahisi kuliko ya mtumba. Siku ya kununua, mtumba wa Mchikichini au Gikomba mara nyingi utaishinda kwa bei. Hesabu ya kweli hufanywa baada ya miaka, kwa kuangalia nguo imevaliwa mara ngapi na imebadilishwa mara ngapi bila kutupwa. Hata mtumba wenyewe, kabla ya kuununua, geuza ndani utazame mishono. Koti au shati la zamani lenye akiba ya maana ndani lina thamani kuliko jipya lililokatwa kwa ubahili.

Wafundisheni na watoto, wa kike na wa kiume. Mtoto wa darasa la nne anaweza kushona kifungo na kurudisha pindo la sare yake. Atakapokwenda bweni, ujuzi huo utamsaidia.

Nina ombi moja tu la kumalizia. Wengi wenu mna vitenge kabatini, vya zawadi, vya sare ambazo shughuli zake zilipita, vya "nitashona mwezi ujao". Kitambaa kilichokunjwa miaka mingi hukatika kwenye mikunjo kabla hakijavaliwa hata siku moja. Kitoe, kifue, kishone. Na usinunue kingine mpaka hicho kiwe nguo.